Namba Tatu za Bi Badia

Mama Hashim alikataa kiti. Alisimama karibu na kabati la mafaili, mahali ambapo mtu wa barabarani hawezi kumwona kupitia dirishani, akamwomba Mkaguzi Fikriya afunge mlango kwanza. Fikriya akafunga. Miaka kumi na tisa katika ofisi ya ugavi ya mji wa Mahalla ilikuwa imemfundisha kwamba mwenye malalamiko hupiga kelele kuanzia ngazini, na mwenye hofu huomba mlango ufungwe.

"Ukiandika jina langu naondoka," Mama Hashim alisema.

"Sijashika hata kalamu."

"Kadi yangu iko kwa Haji Metwalli. Iko kwenye droo yake, pamoja na ya mama mkwe wangu na ya mtaa mzima. Akisikia nimekanyaga hapa ataniambia kadi imepotea, na mimi nina watoto watano. Unanielewa, Ustadha?"

Fikriya alimwelewa kuliko alivyotaka. Kila mwezi alibandika ukutani tangazo jipya: kadi ya mgao wa mkate ikae na mwenyewe, namba ya siri asiambiwe mtu. Kila mwezi watu walilisoma, wakatikisa kichwa kwa kukubali, kisha wakaenda moja kwa moja kumwachia mwoka mikate kadi zao ili asubuhi wasipange foleni. Yeye huipitisha kadi kwenye mashine, huhesabu mikate mitano kwa kila kichwa, na mwenyewe huja kuchukua akishaamka. Wapo walioandika namba ya siri kwa wino mgongoni mwa kadi, Haji asisumbuke kukumbuka. Ukimdai akurudishie kadi yako, ni sawa na kumwita mwizi mbele za watu, na watu wa Mahalla wana haya.

Katika mtaa wa Nawwala ni mtu mmoja tu asiyekuwa na haya hiyo. Bi Badia, mjane wa miaka sabini na nne, aliivaa kadi yake shingoni ndani ya kifuko cha uzi wa kijani alichokifuma mwenyewe. Alipanga foleni kila siku, akabonyeza namba yake huku ameifunika mashine kwa shela, na mtaa mzima ulimcheka.

"Juzijuzi nimekiona kile kifuko," Mama Hashim alisema. "Kilikuwa juu ya kaunta ya Haji. Kifuko kipo, bibi hayupo."

Akaeleza yaliyobaki kwa haraka, macho yakiwa mlangoni. Ni siku kumi sasa Bi Badia hajaonekana. Mpwa wake Rifaat na mkewe wamehamia ndani, wanasema bibi anaumwa kifua na daktari amekataza wageni. Mama Hashim alipeleka supu ya dengu, Rifaat akaipokea mlangoni, akashukuru, akafunga. Miaka ishirini na miwili Mama Hashim alikuwa akiingia nyumba ile bila kubisha hodi.

"Mgonjwa anaweza kumtuma mpwa wake mkate," Fikriya alisema, kwa kuwa ni lazima mtu aliseme.

"Na kadi yake? Bi Badia? Angekufa njaa kwanza."

Kabla ya kutoka kwa ngazi za nyuma, Mama Hashim alisema jambo la mwisho. Nyumba zote za upande ule zimeshauzwa kwa kontrakta anayetaka kujenga ghorofa kumi na mbili. Iliyobaki ni moja, na dole gumba linalotakiwa kwenye karatasi ya kuuza ni moja, la Bi Badia. "Kikulacho ki nguoni mwako, Ustadha," alisema, akajifunika uso kwa shela na kushuka.

Mtandao ulikuwa umekata tangu asubuhi. Ukumbini watu walikaa kwenye mabenchi na karatasi zao mapajani, wakisubiri. Mtu angeweza kugombana na karani, na mlinzi, na hata na waziri kama angepita, lakini hakuna aliyegombana na mtandao. Ukiambiwa umekata, unavuta pumzi, unamwomba Mungu, unakaa. Uliporudi saa tano, Fikriya aliwaacha makarani wahudumie watu, akaifungua kumbukumbu ya kadi ya Bi Badia.

Kwa miaka mingi hapakuwa na kitu cha kusoma: kila asubuhi mikate mitano, isipokuwa siku za Idi. Kisha siku moja tupu. Siku iliyofuata, kadi imeingizwa na namba ya siri imekosewa. Siku tatu baadaye, imekosewa tena. Baada ya hapo hakuna kitu. Mtu aliijaribu kadi mara mbili, akaogopa kujaribu ya tatu.

Fikriya aliondoa mkono kwenye kipanya. Alikumbuka mwezi wa nne mwaka jana, Bi Badia akiwa mbele ya dirisha namba mbili, amekuja kubadilisha namba. Alibonyeza kwa kifundo cha kidole cha kati, maana kidole cha shahada cha mkono wa kulia kiliishia katikati. Mtambo wa kufumia ulikichukua enzi za usichana wake. Baadaye akauliza, na watu arobaini wakisubiri nyuma yake: "Na mtu akinikaba nimtajie, nifanyeje?"

Fikriya alimjibu huku akiita anayefuata. Mpe namba ya uongo, bibi. Ikikosewa mara tatu kadi inajifunga, na haifunguki mpaka mwenyewe aje hapa mbele yangu. Bi Badia aliyarudia maneno yale kimyakimya, midomo ikitembea, kama mtu anayehifadhi aya. Fikriya alicheka siku ile.

Sasa hakucheka. Ule ulikuwa ushauri wa kulinda mikate mitano. Haukuwa ushauri wa kumpa kikongwe aliyefungiwa ndani na mwanamume wa miaka thelathini na tano. Bi Badia alikuwa ameufuata mara mbili, na Fikriya aliogopa kufikiria namba ya uongo ya kwanza ilimponza vipi, na ya pili vipi. Alichukua mkoba wake na koti, akatoka.

Kwa Haji Metwalli mikate ilikuwa ikipozwa kwenye chanja za mitende na juu ya boneti za magari yaliyoegeshwa mtaani, na wenye magari hawakusema kitu, kwani kadi zao nao zilikuwa ndani. Haji alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Alipomwona mkaguzi, uchangamfu ulibaki usoni lakini mikono ilianza kupanga vitu visivyohitaji kupangwa.

"Umetuletea baraka, Bi Mkaguzi. Chai?"

"Droo."

"Droo gani?"

"Haji, tumefahamiana miaka mingi."

Akaivuta droo. Kadi zilikuwa mamia, zimefungwa mafungu kwa raba, kila fungu na jina la kichochoro chake. Fikriya alizipitia moja moja, akimwangalia usoni. Akiwa njiani alikuwa ameamini kwamba mtu wake ni huyu: mwenye mashine ni yeye, mwenye namba za watu kichwani ni yeye, na kadi ya ajuza mgonjwa ni mali rahisi. Lakini kifuko cha kijani hakikuwemo. Na mtu anayeiba kwa kadi hakosei namba mara mbili akaacha alama kwenye kumbukumbu. Mwizi wa kazi hii huijua namba kwanza.

"Kadi ya Bi Badia ilikuwa hapa," alisema.

Haji alitazama mlangoni, kisha akawaambia wafanyakazi wake wakapakue unga. Walipotoka alizungumza chini chini. Rifaat ndiye aliyeileta, na namba aliyoitaja haikukubali. Akarudi na nyingine, nayo haikukubali.

"Nikamwambia, mwanangu, mbili zimekwenda. Ya tatu inafunga. Kamuulize bibi vizuri."

"Akasema nini?"

"Akacheka. Akasema, 'Shangazi amezeeka, anasahau. Nitamkumbusha.'" Ni kama Haji aliyasikia maneno yale kwa mara ya kwanza, sasa yakitoka kinywani mwake mwenyewe. Akakaa juu ya gunia. "Nimempa mikate mitano bure kila siku mpaka kadi ikubali, Bi Mkaguzi. Nilisema ni ya mgonjwa. Wallahi nilisema ni ya mgonjwa."

"Kwa nini asinunue tu mkate wa kawaida? Kwa nini ahangaike na kadi?"

"Mtaa huu?" Haji alimshangaa. "Kadi ya mtu ikilala siku tatu, watu wanaulizana amekufa au amesafiri. Kila mtu anajua nani kachukua mkate na nani hajachukua."

Kumbe ndiyo hivyo. Mikate ile haikuwa ya kula. Ilikuwa ya kuonyesha kwamba ndani ya nyumba ile yumo mtu anayekula.

Fikriya alifikiria muda mrefu kabla ya kusema alichosema, na hata alipokisema hakuwa na hakika nacho. Rifaat akirudi na namba nyingine, Haji aiingize. Asimwonye tena, na asimwambie kwamba mkaguzi alipita pale.

"Na kadi ikifunga?"

"Itafunga."

"Atanilaumu mimi."

"Akikuuliza pa kuifungulia, mwelekeze kwangu. Na Haji, droo hii tutaizungumza siku nyingine."

Kutoka pale mpaka nyumbani kwa Bi Badia ni hatua mia mbili. Ilikuwa saa nane mchana, baridi ya Tuba, mwezi wa katikati ya kipupwe, ikipenya mpaka kwenye mifupa. Nyumba ni ya ghorofa mbili, matofali yake meusi kwa uzee, na juu ya paa kuna banda refu la mbao la njiwa alilolijenga marehemu mume wake. Njiwa walikuwa hewani, wakizunguka paa na kuzunguka tena, hawatui. Fikriya aliwatazama huku akisubiri kufunguliwa, kisha akawasahau.

Rifaat alikuwa nadhifu, amenyoa, ana sauti ya mtu aliyezoea kupendwa. Fikriya alimwambia ni uhakiki wa kawaida wa wenye kadi, kuona kama wako hai. Rifaat akamkaribisha kiti uani, akamwitia chai. Ngazi za kwenda juu alizikalia yeye mwenyewe, ngazi ya tatu, magoti yameziba njia.

"Ningependa kumwona kwa macho yangu. Dakika moja."

"Daktari amekataza, Ustadha. Kifua hiki kinaambukiza, na wewe una wanao." Fikriya hakuwa amemwambia kama ana watoto. "Lakini ngoja." Akainua kichwa. "Shangazi! Watu wa serikali hawa, wanataka kujua kama hujafa!"

Ghorofani dirisha la mbao linaloangalia uani lilisogea. Mkono wenye shela nyeusi ukatoka, ukapunga taratibu, ukarudi ndani. Rifaat alicheka kwa upendo, na Fikriya, Mungu amsamehe, naye alitabasamu. Alikunywa chai mpaka nusu, akashukuru, akatoka.

Alikuwa ameshafika kwenye kona, mbele ya duka la vifungo, aliposimama ghafla. Mkono ule ulikuwa wa kulia. Ulipunga ukiwa umefunguka wote, na vidole vyake vilikuwa vitano vizima.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akijifanya Bi Badia. Na watu hawamwigizi mtu anayeweza kuja dirishani mwenyewe.

Kapteni Medhat wa polisi wa ugavi alimsikiliza kwenye simu bila kumkatiza, na hiyo ilikuwa ishara mbaya. Kisha akauliza, kwa upole, kama alikuwa amevaa miwani. Alikuwa ameivaa. Akauliza dirisha lilikuwa juu kiasi gani. Akasema mwendesha mashtaka hatatoa kibali cha kuvunja nyumba ya raia kwa sababu ya mikate mitano na kidole.

"Atakufa, Medhat. Kama hajafa."

"Niletee mdomo mmoja wa ndani ya nyumba ile useme yumo na amefungiwa. Mmoja tu. Mlango nitauvunja kwa bega langu."

Usiku ule Fikriya hakulala, wala hatuna haja ya kuusimulia. Saa moja na nusu asubuhi simu ililia. Alikuwa Haji Metwalli, na nyuma yake ilisikika kelele ya foleni.

"Ameleta namba. Nimeingiza. Imefunga."

"Alikuwaje?"

"Amepiga kaunta ngumi, mikate ikaanguka. Akauliza inafunguliwa wapi, nikamwambia kwako, mwenyewe akiwepo. Bi Mkaguzi, aliposikia 'mwenyewe' alinitazama mpaka nikarudi nyuma. Tumefanya nini?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akijiuliza. Rifaat sasa alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumleta shangazi yake, kama yupo wa kuletwa. Ya pili ni kuachana na kadi na kumaliza jambo lenyewe haraka. Fikriya alikuwa amemsukuma mtu ukutani bila kujua mtu huyo atarukia upande gani, na aliyekuwa akilipia kosa lake alikuwa bibi mmoja asiye na wa kumtetea. Alimpigia Medhat, akamsihi aje tu akae. Kapteni alikuja na askari wawili, akaketi kwenye chumba cha mafaili nyuma, akinung'unika kwamba chai ya ugavi haina sukari.

Saa nne ikapita. Saa tano kasorobo Rifaat aliingia ukumbini, amemshika mkono mwanamke aliyevaa nikabu, baibui pana na glavu nyeusi. Mwanamke alijikunja kwa kukohoa. Watu wa benchi la mbele waliinuka wampishe mgonjwa, na mzee mmoja akasema Mungu ampe shifaa, mama wa watu.

Rifaat aliweka kifuko cha kijani kwenye dirisha namba mbili. "Nimemleta, Ustadha. Mmemtoa mgonjwa kitandani kwa ajili ya mkate. Haya, mfungulieni."

Fikriya hakumtazama yeye. Alitazama glavu ya kulia iliyoshika ukingo wa dirisha. Kidole cha shahada kilikuwa kimejaa mpaka ncha.

Basi amekufa, aliwaza. Nimemuua mimi, na mdomo wangu. Alitamani kupiga ukelele, kumwita Medhat, kumshika huyu mwanamume koo mbele ya watu wote. Lakini Medhat alitaka mdomo, na ukelele si mdomo. Lililobaki lilikuwa utaratibu, na utaratibu aliujua hata akiwa usingizini.

"Uso lazima uonekane na mtumishi mwanamke," alisema. Sauti ilitoka ya kawaida, ikamshangaza. "Nyuma ya pazia. Halafu atabonyeza namba mpya."

"Huyu ni mgonjwa, hawezi kusimama peke yake."

"Kuna kiti."

"Nitaingia naye."

"Huku wanawake huvua nikabu, kaka yangu. Unataka niwaambie nini watu hawa?"

Benchi la mbele lilimgeukia Rifaat lote. Mzee wa shifaa alikunja uso. Rifaat aliinama, akamnong'oneza mwanamke kitu sikioni huku akimfinya mkono juu ya kiwiko, akamwachia. Akasimama mbele ya pazia, karibu kiasi kwamba ncha za viatu vyake zilionekana chini yake.

Ndani palikuwa na nafasi ya viti viwili na mashine. Fikriya alivuta pazia mpaka mwisho. Mwanamke aliinua nikabu.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mdomo umepasuka na kidonda kinaanza kukauka. Aliendelea kukohoa kwa nguvu, na katikati ya kikohozi alitia maneno.

"Yu hai."

Fikriya alisogeza kiti karibu. "Wapi?"

"Banda la njiwa. Amelifunga kwa nje." Akakohoa. "Bibi anaumwa kweli sasa. Kuna baridi kule, Ustadha, hana hata godoro."

Njiwa wasiotua. Fikriya alifumba macho, akayafumbua. "Wewe nani?"

"Intisar. Mkewe." Aliinua mkono wenye glavu, akautazama kwa aibu. "Nilikupungia mimi. Amesema bibi akishaweka dole gumba nitanyamaza au nitapanda kule mimi."

"Kwa nini unaniambia leo?"

Binti alikohoa, macho kwenye ncha za viatu chini ya pazia. Akasogea mpaka shavu lake likagusa miwani ya Fikriya.

"Bibi ndiye aliyenituma. Mimi ndiye ninayempelekea maji. Alisema, 'Nikimtajia Rifaat namba ya uongo ya tatu, kadi itafunga. Hatanipeleka mimi, ataogopa. Atakuvika wewe nguo zangu. Na pale dirishani kuna mwanamke wa miwani, atakufungia pazia, na Rifaat hataweza kuingia.' Bibi alipigwa kwa ya kwanza. Alipigwa kwa ya pili. Jana nikamwomba ataje ya kweli yaishe, akakataa. Akasema nikwambie: hii ndiyo mara ya tatu."

Maneno Fikriya aliyoyatupa siku ile ili foleni isogee, mtu alikuwa ameyatunza karibu mwaka mzima, akayalipia kwa mwili wake, akayajenga kuwa njia ya kutokea.

"Mbona kimya?" Rifaat aliuliza nje. Pazia lilitikisika. "Tayari?"

Kutoka ofisini mpaka mtaa wa Nawwala ni dakika kumi kwa gari la polisi. Rifaat akishtuka sasa, simu moja ingetosha kummaliza bibi, kama kuna mtu mwingine kule. Kisha sentensi ilimjia Fikriya yenyewe, sentensi aliyoitamka mara elfu bila kuipenda.

"Mtandao umekata," aliita. "Kaeni msubiri."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi, na makarani wakaacha mashine zao bila hata kuzijaribu. Mtu alisema lahaula. Viatu chini ya pazia vilisimama vilevile kwa muda, kisha vikageuka, vikaenda, na benchi likalia kwa uzito wa mtu anayeketi. Hata yeye. Alikuwa mtu wa nchi hii, naye hakugombana na mtandao.

Fikriya aliandika mstari mmoja kwenye karatasi, Intisar akautia sahihi, na Fikriya akaupitisha mlango wa nyuma. Medhat aliusoma. Hakuuliza kuhusu miwani. Aliacha askari mmoja, akatoka na mwingine kwa ngazi za nyuma, na chai yake ikabaki.

Dakika kumi. Intisar alikohoa mpaka sauti ikamkauka kweli. Dakika kumi na tano. Rifaat alisimama, akaenda dirishani, akauliza karani, karani akamwambia ukweli aliouamini: hajui kitu. Akarudi, akakaa. Mzee wa shifaa alimpa nusu ya chungwa, akamwambia mwanangu, kwenye ofisi hii mimi nimeota mvi. Rifaat hakulipokea. Dakika ishirini na mbili. Alisimama tena, na mara hii alikuja moja kwa moja mpaka kwenye pazia, na Fikriya aliziona ncha za vidole vyake zikishika ukingo wa kitambaa. Intisar aliacha kukohoa. Alikuwa ameshika sketi ya Fikriya kwa mikono miwili.

Simu ya mezani ililia.

"Tumemtoa," Medhat alisema, akihema. "Yu hai. Amevimba uso, ana homa, lakini anasema vizuri tu. Gari la wagonjwa lipo hapa na hataki kupanda. Anataka kujua kadi yake iko wapi."

Kifuko cha kijani kilikuwa mapajani mwa Fikriya. Hakukumbuka ni saa ngapi alikichukua. Uzi wake ulikuwa umechakaa pale ulipogusa shingo.

"Mwambie iko kwangu," alisema. "Mwambie haijafunguliwa na mtu."

Akakata simu. Askari alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma na kusimama kando yake. Fikriya alifuta miwani, akaivaa, akavuta pazia kwa mkono wake mwenyewe.

"Bwana Rifaat," alisema, "mtandao umerudi."